Je, Wajua? Kipimo cha Maji Nyumbani, Kuanzia Mbulu Hadi Hanang

Je, wajua kwamba maji ya Bahari ya Hindi yana floraidi pungufu ya kikomo kilichowekwa kwa maji ya kunywa? Lita moja ya maji ya bahari ina takriban miligramu 1.3 za floraidi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani (WHO), ambacho Tanzania nayo inakitumia sasa, ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuna visima katika Bonde la Ufa vyenye maji matamu, yasiyo na chumvi kabisa mdomoni, ambavyo vinaipita bahari mara kadhaa kwa floraidi. Ulimi hautambui kitu. Kwa viwango hivyo floraidi haina ladha, haina harufu, haina rangi.

Je, wajua kwamba Ulaya na Marekani kuna watu wanaofuga matumbawe sebuleni, ndani ya matangi ya kioo, na kila wiki hupima maji kwa vichupa na matone? Ubishi wao usiokwisha ni kama vipimo hivyo vya nyumbani vinaaminika. Kipimo kikionyesha kalisi imepungua kumbe haijapungua, mwenye tangi huongeza dawa, na viumbe vilivyochukua miaka kukua vinakufa. Sidhani kama kuna tangi la matumbawe katika miji ya huku kama Katesh au Dongobesh. Ila vichupa vya aina hiyo vipo madukani na mitandaoni, na mama wa Hanang akivitumia huwa anapima maji ya uji wa mwanawe. Kwa hiyo ubishi ule unatuhusu kuliko unavyowahusu wao.

Je, wajua kwamba maji yaliwahi kupimwa kwa miaka mingi bila mkosaji kuonekana? Mwaka 1901 daktari wa meno Frederick McKay alifika Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wana meno yenye madoa ya kahawia. Alishuku maji. Maji yakapimwa na kurudiwa, na majibu yakawa safi, kwa sababu hakuna aliyekuwa akitafuta floraidi. Ilikuwa 1931 pale mkemia H. V. Churchill, wa kampuni ya aluminiamu ya ALCOA, alipoikuta. Miaka 30! Hapo ndipo penye udhaifu wa kwanza wa kipimo chochote: hujibu kile ulichokiuliza, basi. Mtu akikuambia "maji yangu yamepimwa, ni salama," muulize yamepimwa nini.

Je, wajua kwa nini Hanang ihangaike na floraidi kuliko, tuseme, Lindi? Mlima Hanang ni volkano iliyolala, urefu wake unazidi mita 3,400, na maji yanayopita kwenye miamba yake huwa na soda nyingi na kalisi kidogo. Kalisi ikiwemo ya kutosha majini, huishika floraidi na kuigandisha kuwa madini yasiyoyeyuka. Ikikosekana, floraidi hubaki ikielea majini. Ndiyo maana maji laini yenye soda, yale yanayotoa povu la sabuni kwa urahisi na kila mfuaji anayapenda, ndiyo ya kutiliwa shaka kwanza. Ziwa Balangida, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, hukauka likaacha uwanda mweupe wa chumvi ambayo Wabarabaig wameichota tangu enzi. Maji yakitoka na kuacha chumvi, ujue yaliyobaki yanazidi kuwa makali.

Nyanda za Mbulu, upande wa juu wa ukingo, zimekaa kwa sehemu kubwa juu ya miamba ya kale isiyo ya volkano, kwa hiyo hali hubadilika unapopanda au kushuka. Na hata ndani ya kijiji kimoja, kisima kirefu kinaweza kutofautiana na jirani yake, kwa kuwa kila kimoja kimetoboa tabaka lake. Majibu ya kisima cha shule si majibu ya kisima cha zahanati.

Je, wajua kwamba kikomo chenyewe kimehama? Viwango vya muda vya Tanzania vya 1974 viliruhusu hadi miligramu 8 kwa lita. Sababu haikuwa ujinga. Watu walikuwa na kiu, na kufunga kila kisima kilichozidi kungewarudisha kwenye madimbwi yenye kuhara. Baadaye kikomo kikashushwa hadi 4, na sasa ni 1.5. Kwa hiyo ukikutana na karatasi ya zamani ya kisima cha kijiji iliyoandikwa "yanafaa", tazama mwaka kabla ya kushangilia. Kisima chenye miligramu 3.5 kilifaulu mtihani enzi zile, leo kinafeli, na maji hayajabadilika hata tone.

Sasa tuingie ndani ya kichupa chenyewe.

Je, wajua kwamba katika kipimo cha floraidi kinachotumika sana, rangi hupauka badala ya kukolea? Kitendanishi chake, SPADNS, ni chekundu kwa sababu kimeshikana na metali ya zikonia. Floraidi ikiingia huinyang'anya zikonia, wekundu ukafifia. Floraidi zaidi, rangi hafifu zaidi. Wengi tumezoea kwamba rangi kali ndiyo hatari, kama ilivyo kwenye vipimo vingi, hivyo mtu anaona chupa imepauka na kutabasamu kumbe alipaswa kununa.

Je, wajua kwamba kipimo hicho kwa kawaida huishia miligramu 2 kwa lita? Hapa ndipo wengi huanguka. Kisima kina 6, kadi ya rangi inaishia 2, na msomaji anaandika "2" kwenye daftari. Mwenye kisima anajiambia amezidi kidogo tu. Dawa yake ni rahisi: yazimue. Chukua sehemu moja ya maji ya kisima na sehemu nne za maji yasiyo na floraidi, pima, kisha zidisha jibu kwa tano. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi yanatosha kwa kazi hiyo, kwa sababu karibu hayana floraidi kabisa.

Je, wajua kwamba shabu, ile ya kutuliza tope majini, huweza kukidanganya kipimo? Shabu ina aluminiamu, na aluminiamu huifumbata floraidi. Mabaki yake yakiwemo kwenye sampuli, SPADNS huonyesha floraidi ndogo kuliko iliyopo. Balaa ni kwamba shabu na chokaa ndiyo njia moja mashuhuri ya kupunguza floraidi, iliyobuniwa India na kupewa jina la Nalgonda. Yaani anayejitahidi kusafisha maji yake ndiye aliye kwenye hatari kubwa ya kupewa jibu la kumfurahisha. Mtu wa namna hiyo asijitegemee. Sampuli yake iende maabara.

Je, wajua kwamba kile kipimo cha umbo la kalamu, chenye kioo kidogo cha namba, hakipimi floraidi, wala bakteria, wala risasi? Kinapima jinsi umeme unavyopita majini, kisha kinakisia jumla ya chumvichumvi zilizoyeyuka. Ni bei nafuu, hakina dawa za kuisha muda, kwa hiyo kimeenea. Maji ambayo kalamu inasoma 200 yanaweza kuwa na floraidi ya kupinda mifupa, na maji ambayo inasoma 900, yenye kalisi tele, yakawa na floraidi ndogo. Anayekuuzia kisima au chujio kwa kukuonyesha kalamu tu anakuuzia nusu ya habari, na pengine si ile nusu unayoihitaji.

Afadhali kalamu kuliko mchezo wa nondo mbili! Muuza machujio huleta kifaa chenye nondo za chuma, akakitumbukiza kwenye glasi mbili: moja ya bomba, nyingine ya chujio lake. Akawasha umeme. Dakika chache tu glasi ya bomba inageuka kuwa tope la kahawia linalotia kichefuchefu, ya chujio inabaki nyeupe. Wateja wanashika vifua. Kilichotokea ni kwamba chumvi za kawaida za maji ya bomba zilipitisha umeme, umeme ukamumunya nondo ya chuma, na kutu ya nondo ndiyo ile kahawia. Uchafu umetoka kwenye kifaa. Maji ya chujio hayana chumvi, umeme haupiti, hakuna kutu. Mtilie chumvi kidogo ya mezani kwenye glasi yake safi uone atakavyofungasha.

Je, wajua kwamba kosa kubwa mara nyingi huanzia kwenye chupa kabla hata kipimo hakijafunguliwa? Kwa floraidi tumia chupa ya plastiki, isuuze mara tatu kwa maji yale yale unayoyachota, kisha ijaze. Chupa ya soda iliyooshwa haraka haraka ina asidi na sukari zake. Jambo zuri ni kwamba floraidi haiozi wala haikimbii: sampuli ndani ya plastiki safi hukaa wiki nne bila kuharibika, hivyo basi la Haydom likichelewa hakuna kilichopotea. Bakteria ni habari nyingine kabisa. Hao huzaana au hufa njiani. Chupa iwe imetakaswa, ikae kwenye baridi, na ifike maabara ndani ya saa chache, wala isilale hadi kesho kutwa. Ukichanganya kanuni hizi mbili unapoteza nauli.

Je, wajua kwamba mwanga wa koroboi au balbu ya manjano hubadilisha jibu? Kadi za rangi zimetengenezwa zisomwe mchana, kivulini, kichupa kikiwa mbele ya karatasi nyeupe. Na macho yenyewe yana mipaka: miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya, karibu mmoja kati ya 12 hutofautisha nyekundu na kijani kwa shida. Kwa Waafrika idadi ni ndogo zaidi, lakini wapo. Mpe mtu wa pili asome bila kumwambia ulichoona. Mkitofautiana, rudieni.

Vitendanishi navyo huzeeka. Kichupa kilichokaa dirishani, au kwenye dashibodi ya pikapu ya mizigo, huenda kimekufa kabla ya tarehe iliyochapwa. Karatasi za kuchovya ndizo dhaifu kuliko zote, kwani unyevunyevu wa mkono mmoja uliozama koponi huharibu pakiti nzima. Halafu baridi: SPADNS hutaka sampuli na maji ya kulinganishia viwe na joto karibu sawa, tofauti ya nyuzi moja tu hivi. Asubuhi ya Mbulu, maji yaliyotoka bombani na kitendanishi kilicholala karibu na jiko havijafika hapo. Viache vikae pamoja saa nzima.

Je, wajua kwamba kuchemsha hakuondoi floraidi, bali huiongeza? Sufuria ya lita 5 yenye miligramu 2 kwa kila lita, ikichemka hadi zikabaki lita 4, itakuwa na miligramu 2.5 kwa lita. Mvuke umekwenda, floraidi imebaki. Msichukue hili kama sababu ya kuacha kuchemsha! Dhidi ya vijidudu kuchemsha bado ni bingwa. Kwenye nyanda za Mbulu, mita 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu na nyuzi 94 badala ya 100, na hizo zinatosha kabisa kuua vijidudu vya kuhara.

Je, wajua kwamba klorini nayo ina kipimo kinachoweza kugeuka? Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaukumba mji wa Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Katika janga la namna hiyo maji hujaa tope, na tope hula klorini: kidonge kilichotosha dumu la lita 20 jana, leo kinaliwa chote kabla hakijagusa kijidudu. Ndiyo sababu hupimwa klorini iliyobaki baada ya nusu saa, walau miligramu 0.5 kwa lita. Kidonge cha DPD hugeuza maji kuwa ya waridi klorini ikiwemo. Lakini klorini ikipita kiasi sana, huunguza ile rangi yenyewe, waridi hutokea kidogo likapotea, na kichupa kikaonekana cheupe kama hakuna kitu. Asiyejua huongeza dawa nyingine. Ukiona waridi limewaka na kutoweka, au ukisikia harufu kali huku kichupa ni cheupe, zimua na upime upya.

Kuna na hili: maji yenye soda huwa na pH ya juu, na pH ikizidi 8 klorini hupoteza makali yake mengi. Namba ya klorini bila namba ya pH ni nusu ya jibu.

Je, wajua kuhusu kichupa kinachogeuka cheusi? Ni kipimo cha bakteria kilichoelezwa na watafiti wa India mwaka 1982. Ndani yake mna karatasi yenye chakula cha bakteria na chuma. Ukijaza maji na kuacha mahali penye joto siku moja au mbili, bakteria wa kinyesi hutoa gesi ya salfa, chuma kikawa cheusi. Hakihitaji umeme wala maabara. Udhaifu wake ni kwamba bakteria wengine wa udongoni hutoa gesi hiyo hiyo, na visima vingine virefu vina gesi hiyo kiasili. Cheusi maana yake "chunguza zaidi". Cheupe hakikupi cheti. Na kwenye usiku wa baridi wa Mbulu, kichupa kilichoachwa dirishani kinaweza kubaki cheupe kwa sababu bakteria wamepoa tu, maana hao nao wana usingizi wao.

Haydom, kwa wasioifahamu, ina hospitali ya Kilutheri tangu 1955, na ilikuwa moja ya vituo 8 vya utafiti wa kimataifa wa MAL-ED, uliofuatilia watoto tangu wanapozaliwa ili kuona maambukizi ya tumbo yanavyohusiana na ukuaji. Kwa hiyo hoja ya vijidudu katika wilaya hizi haikusubiri mtu wa mtandaoni aje na kichupa.

Je, wajua kwamba meno yana umri wao wa kuharibika? Floraidi hutia madoa meno yakiwa bado yanaundwa ndani ya ufizi, na kwa meno ya kudumu kazi hiyo, ukiacha magego ya mwisho, huwa imekamilika karibu na miaka 8. Kupima kisima baada ya mtoto kutimiza miaka 10 hakumwondolei madoa. Kunamsaidia mdogo wake, na kunailinda mifupa ya nyumba nzima, kwani mifupa huendelea kukusanya floraidi maisha yote.

Na maji siyo mlango pekee. Magadi, yale ya kulainishia makande na mboga ngumu, huwa na floraidi, na mengine huwa nayo nyingi. Majani ya chai nayo huikusanya kutoka udongoni. Watafiti nchini waliwahi kukuta meno yenye madoa kwenye jamii ambazo maji yake yalikuwa na floraidi ndogo, magadi yakiwa mshukiwa mkuu. Kwa hiyo kisima kinaweza kufaulu na jikoni kukafeli.

Je, wajua kwamba mifupa ya ng'ombe husafisha floraidi? Ikichomwa kwa kubaniwa hewa hadi kuwa makaa, huinasa. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimefanyia kazi njia hiyo kwa miaka mingi, na Nakuru, Kenya, mradi wa Kanisa Katoliki uliifikisha hadi majumbani. Jirani kabisa na Mbulu, Karatu, kuna kijiji cha Gongali, kilichomtoa Askwar Hilonga, mhandisi wa kemikali wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha. Chujio lake linaloweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa mahali lilishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi mwaka 2015, ikiwa ndiyo mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa. Sasa, makaa ya mifupa hujaa. Siku yakijaa hayapigi kengele. Maji yanatoka meupe vile vile, floraidi ikipita. Hapo ndipo kichupa cha nyumbani kinapolipa gharama yake kuliko popote, kwa maoni yangu: hakitafuti namba kamili, kinakuambia tu kama maji yanayotoka bado yanatofautiana na yanayoingia.

Maabara hutumia nini? Aghalabu elektrodi yenye fuwele ya lanthanamu floraidi, iliyotangazwa na Frant na Ross mwaka 1966. Sampuli huchanganywa kwanza na dawa inayoiweka pH mahali pake na kuifungua floraidi kutoka kwa aluminiamu na chuma, hivyo ule udanganyifu wa shabu hauna nafasi. Nayo si malaika. Kosa la milivolti moja huyumbisha jibu kwa asilimia 4 hivi. Fundi mzuri huirekebisha kila siku kwa maji ya kiwango kinachojulikana.

Je, wajua kwamba waweza kukipima kipimo chako mwenyewe bila senti? Pima maji ya mvua: jibu linapaswa kuwa karibu na sifuri. Pima maji ya kisima. Kisha changanya nusu kwa nusu, kwa kikombe kile kile, upime tena. Jibu la tatu linapaswa kuwa karibu na nusu ya la pili. Lisipokuwa, ama kipimo kimekufa, ama kisima kimevuka mwisho wa kadi, ama kuna kitu majini kinachoingilia. Halafu peleka chupa moja ya maji hayo hayo maabara ya ubora wa maji, uandike pembeni ulichosoma nyumbani. Tofauti utakayopata ndiyo kipimo cha kipimo chako, na utaitumia mwaka mzima.

Tangu Julai 2019 maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini. Ukienda ofisi ya wilaya, au kwa viongozi wa chombo cha watumia maji kijijini kwako, usiulize kama maji ni salama. Uliza floraidi ni miligramu ngapi, pH ni ngapi, sampuli ilichukuliwa kisima kipi, na tarehe gani. Kama mlichimbiwa kisima kipya mwaka huu, omba kipimwe mara mbili: kiangazi, na tena masika yakikolea.